Barua Iliyosema Wilson

Redio ya jirani ndiyo iliyompasha Nabwire habari. Alikuwa ameketi kwenye roshani ya nyumba yake, mtaa wa Tena, ungo mapajani, akichambua maharagwe ya mchana, mara matangazo yakakatizwa na wimbo wa maombolezo. Mzee Jotham Sirengo ameaga dunia. Mtangazaji akaanza kuvitaja vyeo vya marehemu: diwani, mbunge, waziri, na uzeeni mpatanishi, mtu ambaye nchi jirani zilimwita aje azitenganishe zilipokabana koo. Nabwire aliuweka ungo chini. Hakulia. Alibaki akitazama nguo zikipepea kwenye kamba za ghorofa ya ng'ambo, na moyoni akajua kwamba jambo alilolingoja tangu usichana wake sasa halitakuwa tena.

Simu ikalia kabla hajainuka. Alikuwa Phares, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ile barua bado unayo?"

"Ungeanza na pole, Phares."

"Pole, dada. Lakini bado unayo?"

Alikuwa nayo. Ilikaa ndani ya sanduku la bati alilorithi kwa mama yake, imeviringwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na picha ya kaka yao Willis. Kila mtu wa ukoo aliijua barua hiyo, ila wengi waliijua kwa kusikia tu.

Mwaka wa sabini na nne familia yao iliishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yao alikuwa akiunganisha mabehewa. Willis ndiye aliyekuwa kifungua mimba, kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama mlingoti, shule amemaliza na kazi hajapata. Msimu wa uchaguzi ulipowadia alijiunga na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akiwania udiwani, Jotham Sirengo huyo huyo, ambaye wakati huo hakuwa na gari wala tajiri wa kumshika mkono. Kampeni yake nzima ilikuwa baiskeli, kipaza sauti cha kuazima, na ngazi. Willis alibeba ngazi. Ndiye aliyepanda kubandika picha za mgombea ukutani, ndiye aliyefunga kipaza sauti kwenye nguzo ya stima kila walipofika uwanjani.

Alikuwa juu ya ngazi hiyo siku vijana wa mpinzani walipovamia mkutano kwa mawe. Watu walitawanyika kila mmoja na njia yake. Aliye juu hana pa kukimbilia. Jiwe lilimpata kisogoni, akaanguka na waya mkononi. Walimfikisha hospitalini akiwa bado anapumua, lakini Jumapili haikumkuta. Hakuna aliyekamatwa, wala gazeti halikuandika hata mstari. Walimsafirisha kwa gari la moshi hadi Kisumu, kutoka hapo kwa lori hadi kwao Funyula, wakamzika nyuma ya nyumba ya babu.

Waliporudi Makongeni, mtu wa baiskeli alileta barua. Mama yao alikuwa ameketi mkekani, amezungukwa na wanawake wa kanisa, khanga imemfunika hadi machoni. Yeye alijua kusoma Biblia ya lugha yao, polepole, kwa kidole, ila mwandiko wa mkono ulimshinda. Akamwita Nabwire, aliyekuwa na miaka kumi na minne.

"Nisomee, mwanangu."

Nabwire akasimama mbele ya wanawake wale, akaifungua. Wino ulikuwa wa buluu, herufi zimelala upande wa kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Iliandikwa hivi:

"Mama mpendwa, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa neno hili sikutaka lipite kwa karani. Mwanao Wilson alikuwa juu ya ngazi kwa ajili yangu. Angeweza kuwa nyumbani kwako akinywa chai. Sina cha kukulipa, na yeyote atakayekuambia kwamba yapo malipo anakudanganya. Nikishinda kiti hiki au nikishindwa, jina la Wilson nitakwenda nalo kila niendako. Niwie radhi. Ni mimi mwanao, Jotham Sirengo."

Lakini sivyo Nabwire alivyoisoma. Alipofika kwenye jina, aliinua macho akamwona mama yake ameshika shavu, anangoja, na uso wake wote umeelekea kwenye ile karatasi kama mtu anayeota moto. Nabwire akasoma "Willis". Na mara ya pili, "Willis". Wanawake wakaitikia kwa kilio, na mama akasema, "Huyu ni mtu. Amemjua mwanangu."

Tangu siku hiyo, kila mwaka ulipogeuka, mama aliitaka barua isomwe, na Nabwire aliisoma, kwa jina la kweli. Mama yao alikufa mwaka elfu mbili na tatu. Siku chache kabla ya kufumba macho aliomba asomewe tena, na tena akalisikia jina la Willis kutoka kwa mkubwa yule, ambaye kufikia hapo picha yake ilikuwa magazetini kila wiki. Alikufa akiamini hivyo. Nabwire hakuwahi kuona kwamba alifanya kosa.

Kilichomkera kilikuwa kingine. Katika dunia nzima, karatasi pekee iliyosema kwamba kaka yake aliishi na akafa kwa ajili ya jambo fulani ilisema jina la mtu mwingine. Aliwahi kujaribu kulinyoosha. Alikuwa kijana bado, karani wa halmashauri ya jiji, Sirengo akiwa ndio kwanza ameteuliwa waziri, akaja kufungua soko. Nabwire alijipenyeza katikati ya umati hadi akaupata mkono wake. "Mheshimiwa, mimi ni dada wa yule kijana wa ngazi, Makongeni." Waziri alisimama papo hapo. Macho yalimjaa machozi, machozi ya kweli, si ya kuonyesha watu. "Wilson!" alisema, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Dada yangu, Wilson simsahau." Nabwire akafungua kinywa. Walinzi wakamsukuma waziri mbele, umati ukamfunika. Alirudi ofisini akiwa na neno lake kooni, na hapo ndipo lilipokaa.

Ndiyo maana habari ya redio ilimkata maini. Mtu pekee ambaye angeweza kulirekebisha jina lile kwa mkono wake alikuwa amekwenda nalo.

Juma lilelile Phares alikuja Tena akiwa na mgeni, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma na kanzu fupi ya kijivu. Jina lake Mumin, mwenye duka la jumla la mapazia huko Eastleigh. Mapazia ndiyo yaliyomlisha, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye karatasi kuukuu: stempu, vitambulisho vya zamani, barua za watu waliokuja kuwa wakubwa. Phares alikuwa amesikia kwa wafanyabiashara wenzake kwamba mtu huyo hununua.

"Shikamoo, mama," Mumin alisema mlangoni, akavua viatu ijapokuwa hakuombwa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Nabwire aliileta barua. Mumin alinawa mikono, akaikausha vizuri kwa leso yake, ndipo akaipokea. Aliisoma bila haraka. Alieleza kwamba barua za Mzee Sirengo akiwa waziri ziko nyingi, zimechapwa na makarani, yeye akitia sahihi tu. Lakini hii ni ya kabla hajawa mtu, mkono wake mwenyewe, na bado anaogopa kushindwa. Barua kama hii, alisema, hajawahi kuiona. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

"Huyu Wilson ni nani?"

"Hakuna Wilson," Nabwire alisema. "Kaka yetu aliitwa Willis."

Alimsimulia yote. Mumin alisikiliza huku ameishika barua kwa ncha za vidole. Nabwire alipomaliza, aliiweka juu ya meza taratibu.

"Baba yangu aliitwa Sharmarke," alisema. "Alipoandikishwa kitambulisho, karani akasikia vingine, akaandika jina ambalo si la mtu yeyote kwetu. Baba alilibeba hadi kaburini. Hospitalini akiitwa kwa jina lile, hageuki. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukimgusa bega." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Nitainunua, mama, na bei yangu ndugu yako anaijua. Lakini sitakuharakisha."

Alipokwenda, Phares hakuondoka. Alisimama dirishani, mikono mifukoni.

"Dada, duka langu la vyuma la Kware limebomolewa kwa ajili ya barabara. Unajua. Vyuma vyangu vimerundikwa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga Tassia, na mwenye nyumba ananiangalia kama mwizi."

"Najua."

"Basi unangoja nini? Karatasi yenyewe hata haimtaji!"

"Phares!"

"Wacha niseme leo." Aligeuka akamtazama Nabwire usoni. "Mimi nilizaliwa miaka miwili baada ya Willis kufa. Mama alinibeba huku anamlilia yeye. Kila mwaka barua inasomwa, watu wanalia, nami nimeketi pale sijui nalia nini. Nimeishi maisha yangu yote nikiwa ndugu wa picha. Hakuna aliyewahi kuniambia hata alikuwa akicheka vipi."

Alichukua kofia yake akashuka. Nabwire alisikia nyayo zake hadi chini, na lango likafungwa. Alibaki na barua mezani, na kwa mara ya kwanza alijiuliza ni ndugu yupi hasa aliyekuwa akimtunza.

Wazee wa wadi iliyomchagua Sirengo kwa mara ya kwanza waliandaa ibada ya kumbukumbu katika ukumbi wa kanisa, si mbali na nyumba zile za reli. Habari za barua ziliwafikia. Wakamtuma katibu wao aje kumwomba Nabwire aisome mbele ya watu, familia ya marehemu ikiwepo. Wakaipiga picha kwa simu ili ionekane ukutani, kubwa, wakati anasoma. Nabwire alikubali. Hakumwambia katibu neno lolote kuhusu jina.

Siku ya ibada ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuwemo wastaafu wa reli wenye fimbo, mama mboga waliofunga vibanda mapema, vijana wa mtaa waliosimama nyuma wakinong'ona, "Cheki vile watu ni wengi," na mbele kabisa watoto wa marehemu wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Mumin aliketi upande wa ukuta, kofia yake mkononi. Phares alikuja akiwa amechelewa, akasimama karibu na mlango.

Nabwire alipoitwa alipanda jukwaani polepole. Nyuma yake mwandiko wa buluu ulijaa ukuta mzima. Aliifungua karatasi ingawa aliijua kwa moyo.

"Mama mpendwa," alianza, na ukumbi ukatulia. "Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa neno hili sikutaka lipite kwa karani. Mwanao Willis..."

Mnong'ono ulipita kwenye viti. Watu walitazama ukutani, wakamtazama yeye, wakatazama tena ukutani. Mtu mmoja wa safu ya mbele alisema kwa upole, akidhani macho ya mama mzee yamemdanganya, "Wilson, mama. Imeandikwa Wilson."

Nabwire alishusha barua.

"Naona ilivyoandikwa. Nimeiona tangu nina miaka kumi na minne. Mzee alikuwa na uchungu siku hiyo, na mwenye uchungu hukosea. Simlaumu. Lakini kaka yangu hakuitwa Wilson. Aliitwa Willis. Mama yangu hakujua kusoma mwandiko huu, nami nilimsomea jina la mwanawe, na leo nitawasomea ninyi hivyo hivyo, maana aliyeanguka pale uwanjani alikuwa Willis."

Akaendelea. Alisoma hadi mwisho, na kila barua iliposema Wilson yeye alisema Willis. Alipofika kwenye "niwie radhi", mzee mmoja wa reli aliinuka kwa fimbo yake akavua kofia. Wengine wakafuata, viti vikalia, hadi ukumbi wote ukawa umesimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Alipokuwa akishuka, mwanamume mmoja alitoka katika safu ya familia akamshika mkono ili asijikwae. Alikuwa na umri kama wa Phares, mnene kiasi, na macho yake yalikuwa yale yale ya waziri siku ya soko.

"Mama, mimi ni mtoto wake wa mwisho wa kiume," alisema. "Naitwa Wilson."

"Wilson?" Nabwire aliuliza.

"Baba alinipa jina hilo kwa ajili yake. Kwetu halikuwepo, si la babu wala la mjomba. Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa alinikalisha chini akaniambia, 'Umebeba jina la mtu aliyekufa akinifungia kipaza sauti. Usilichafue.' Nilipofukuzwa shule alilia, akasema nimemwaibisha Wilson." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, maisha yangu yote nimekuwa nikimwogopa mtu huyo. Kumbe sikuwa na jina lake."

Nabwire aliyaona machozi ya waziri sokoni kwa macho mengine. Mtu yule alikuwa ameitimiza ahadi yake kila siku, nyumbani kwake, mezani kwake, kwa jina lisilo sahihi.

"Wewe ndiye mwenye jina hilo, baba," alimwambia, akamvuta akamkumbatia mbele ya watu wote. "Umelitunza vizuri. Willis angekupenda. Nawe ni mrefu kama yeye."

Mtu mzima yule alilia begani mwake kama mtoto. Baadaye aliomba kuiona picha ya Willis, akaipiga kwa simu yake, na akauliza kama angeweza kuinunua barua kwa ajili ya familia. Nabwire alitikisa kichwa. Alimweleza kwamba amekwisha kumpa mtu mwingine neno lake, lakini nakala atapata, na nyumbani kwake Tena mlango uko wazi.

Kwa kweli neno hilo alilitoa palepale, hakuwa amelitoa kabla. Alimtafuta Mumin, akamkuta bado ameketi kando ya ukuta, macho mekundu.

"Mwanangu, chukua," alisema. "Wewe uliuliza ni nani."

Mumin aliipokea kwa mikono miwili. Aliahidi kuihifadhi pamoja na nakala ya picha na maelezo ambayo Nabwire angeandika kwa mkono wake, na kwamba mtu yeyote atakayeitazama atayasoma kwanza. Kesho yake aliwafuata wote wawili, dada na kaka, wakamaliza shughuli yao kwa staha, na fedha zile Nabwire alimsukumia Phares zote. Phares alikataa. Wakabishana kidogo, kama ndugu, mwishowe akazichukua, kwa sharti kwamba mlango wa duka jipya atakuja kuufungua dada yake.

Lakini hayo yalikuwa kesho. Jioni ya ibada watu walipotawanyika, Phares alimsindikiza dada yake hadi Tena. Walipanda ngazi, yeye akiwa nyuma endapo dada angechoka. Ndani, badala ya kuketi kama mgeni alivyozoea, alikwenda jikoni akabandika chai mwenyewe. Alirudi na vikombe, akaketi mkabala na Nabwire.

"Dada," alisema, huku amekitazama kikombe chake. "Huyo Willis. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nabwire alifikiri. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemlindia kaka yake jina tu.

"Aliogopa mbwa," alisema hatimaye. "Lijitu refu vile, na akiona hata mtoto wa mbwa anapanda ukuta. Kule Jericho kulikuwa na mbwa wa mlinzi mmoja, basi Willis hakubandika picha hata moja mtaa ule. Akamwambia Sirengo kwamba watu wa kule hawapigi kura."

Phares alianza kucheka, kwanza puani, kisha kifuani, hadi akakiweka kikombe chini.

"Na yeye alikuwa akicheka hivyo hivyo," Nabwire alisema. "Bega moja juu."

Phares aligusa bega lake mwenyewe, kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Endelea," alisema.

Naye akaendelea.